Miche ya nyanya na hoho imedumaa ndani ya nyumba: tazama mizizi kabla ya kushika mbolea

Umeandika kwamba miche yako ya nyanya na pilipili hoho ina wiki nne tangu iote na imegoma kukua. Nyanya zina majani halisi matatu, na upande wa chini wa majani hayo una rangi ya zambarau. Hoho zina majani mawili tu, ya kijani kilichopauka. Mashina ni membamba na yameegemea dirishani. Trei iko sakafuni, chini ya taa moja ya LED iliyoandikwa "sawa na wati 100", uliyoitundika kama sentimita 60 juu ya majani na kuiwasha saa 12 kwa siku. Umetumia udongo wa bustani na samadi, nusu kwa nusu. Unamwagilia kila jioni, na kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 22. Ulipoona miche haiendi, uliipa mbolea ya NPK 20-20-20 mara mbili, kijiko cha chai kwa lita ya maji. Unauliza uongeze mbolea gani, na kama ni heri kung'oa yote usie upya.

Mbolea usiongeze yoyote kwa sasa. Kuhusu kusia upya, jibu liko ndani ya udongo, na nitakueleza namna ya kulisoma. Umenirahisishia kazi sana kwa kutaja umbali wa taa, mahali pa trei na kipimo cha mbolea. Bila mambo hayo matatu ningekuwa nabahatisha tu.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Mche ukishafungua majani yake mawili ya mbegu, yale ya mwanzo yasiyofanana na majani ya mmea mkubwa, huonekana umesimama kwa wiki nzima au zaidi. Wakati huo unajenga mizizi, na kazi hiyo huioni kwa macho. Nyanya iliyo mahali pazuri huonyesha jani halisi la kwanza baada ya siku 7 hadi 10 tangu kuota. Hoho huenda polepole zaidi, na pilipili kali za jamii ya Capsicum chinense huenda polepole kuliko hoho. Kwa kawaida nyanya huhesabiwa wiki 5 hadi 7 tangu kusiwa hadi kuhamishwa, na pilipili wiki 8 hadi 10. Kwa hiyo ukizipima hoho zako kwa mwendo wa nyanya utazionea. Zimechelewa, ndiyo, ila si kwa kiasi unachodhani. Nyanya ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa wiki nne, katika joto na mwanga wa kutosha, zingekuwa na majani halisi matano au sita.

Ucheleweshaji wa siku za mwanzo huumiza kuliko wa baadaye kwa sababu jani ni mtaji. Mche wenye jani dogo hukamata mwanga kidogo, hutengeneza sukari kidogo, na hupata kidogo cha kujengea jani linalofuata. Wenye jani kubwa kidogo leo, baada ya wiki mbili umekwisha kuuacha mbali mwenzake. Ndiyo maana miche miwili iliyoota siku moja inaweza kuonekana kama imepishana mwezi, ingawa tofauti yao ya mwanzo ilikuwa ndogo sana.

Sasa simama juu ya trei uitazame yote kwa pamoja kabla ya kugusa chochote. Miche ikiwa imedumaa sawasawa, kosa liko kwenye mazingira au kwenye udongo, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vinavyoigusa yote. Ikiwa upande mmoja umezidiwa na mwingine, tafuta kinachotofautisha pande hizo: mwanga, ubaridi wa dirisha, upepo wa feni. Ikiwa iliyodumaa imetawanyika ovyo katikati ya iliyo mizima, shuku mbegu, ugonjwa au wadudu. Kwa maelezo yako yote imedumaa kwa namna moja. Hiyo ni habari njema, maana mazingira yanarekebishika.

Hatua inayofuata wengi huiogopa, nami nakusihi usiiruke. Chagua mche mmoja wa katikati, usio bora wala usio dhaifu kuliko yote, uutoe na bonge lake la udongo. Usukume kutoka chini ya trei kwa kidole, na ushike jani, usishike shina. Jani likiumia mche utatoa jingine, lakini shina la mche mchanga likibonyezwa, hauna jingine. Kisha tazama mizizi kwenye mwanga mzuri. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, ina vinywele vidogo, na udongo wake unanukia kama ardhi baada ya mvua. Mizizi inayokufa ni ya kahawia na inateleza. Ukiivuta, ngozi yake ya nje huvuka na kubaki uzi mwembamba wa katikati. Hiyo ni alama ya Pythium, mojawapo ya vimelea wa kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga. Udongo ukinuka uvundo, maana yake hewa imekosekana ndani yake. Angalia pia mizizi imefika wapi. Nikipewa nafasi ya kutabiri, nitasema utaikuta imejaa sehemu ya juu tu, na nusu ya chini ya bonge ni tope lisilo na mzizi hata mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu ya mambo mawili uliyoyataja kwa kupita: trei iko sakafuni, na unamwagilia kila jioni. Kwa maoni yangu hayo mawili kwa pamoja yameumiza miche yako kuliko kitu kingine chochote isipokuwa taa.

Anza na ubaridi. Kipimajoto cha ukutani kinapima hewa ya ukutani, na miche haiishi huko. Sakafu huwa na ubaridi kuliko hewa iliyo juu yake. Udongo uliolowa nao hupoa zaidi, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Chumba cha nyuzi 22 kinaweza kabisa kuwa na udongo wa nyuzi 17 ndani ya trei, na usiku chini ya hapo. Usinisadiki hivi hivi: chomeka kipimajoto ndani ya udongo asubuhi kabla taa haijawaka, usubiri dakika chache, usome.

Nyuzi chache hizo zina uzito mkubwa. Nyanya huanza kukua juu ya takriban nyuzi 10, na kuanzia hapo kasi yake hupanda karibu sambamba na joto hadi kwenye nyuzi ishirini na kitu. Ukihesabu nyuzi zilizo juu ya 10, mche ulio kwenye 17 una nyuzi saba za kufanyia kazi, ulio kwenye 24 una kumi na nne. Yaani huo wa pili unaenda mwendo maradufu, kwa mbegu ile ile na mbolea ile ile. Hoho inapenda joto zaidi ya nyanya, na ikikaa chini ya nyuzi 15 karibu husimama kabisa.

Hapo ndipo ile zambarau inapoeleweka. Watu wengi wakiiona husema fosforasi imepungua, na hawajakosea kuhusu kinachotokea ndani ya jani. Wanachokosea ni dawa. Fosforasi haisafiri kirahisi kwenye udongo. Mzizi ndio unaotakiwa kuifuata ilipo. Mzizi uliopoa haukui, kwa hiyo haifikii, hata kama imejaa sentimita moja tu kutoka ulipo. Udongo wako una samadi nusu nzima na NPK mara mbili juu yake, kwa hiyo fosforasi ipo tele. Ukiongeza nyingine utaongeza chumvi tu kwenye mizizi iliyokwama.

Tiba yake ni ya siku moja. Inua trei kutoka sakafuni, iweke juu ya meza au rafu, na chini yake weka kipande cha mbao au cha povu gumu. Kama una mkeka wa joto wa miche, uweke ili udongo usome nyuzi 21 hadi 24 mchana, na uutumie pamoja na kidhibiti joto, kwa maana mkeka usiodhibitiwa unaweza kupandisha udongo hadi ukaikaanga mizizi. Usiku joto likishuka hadi 17 au 18 si tatizo kwa nyanya, na kushuka huko kunasaidia shina lisirefuke ovyo. Hoho ziache zisishuke chini ya 18.

Tuje kwenye maji. Mzizi unapumua kama sehemu nyingine yoyote iliyo hai, na unahitaji oksijeni ili upate nguvu ya kufyonza maji na madini. Oksijeni hupenya kwenye maji polepole karibu mara 10,000 kuliko kwenye hewa. Udongo ukiwa na vinafasi vyenye hewa, mzizi unahema. Vinafasi hivyo vikijaa maji kila jioni kabla ya maji ya jana kutoka, mzizi unakosa pumzi. Mche wa namna hiyo hunywea na kupauka, majani huinama, na mwenye nao huona kama una kiu. Humwagilia tena. Huu ndio mtego uliowanasa wakulima wengi wa ndani, na mara nyingi huwanasa wale wanaoijali miche yao kuliko wengine wote.

Kuna jambo kuhusu trei fupi ambalo ni wachache wanaolieleza. Maji yakishatiririka kutoka kwenye chombo, chini hubaki tabaka lililolowa chepechepe ambalo mvuto wa ardhi hauwezi kulitoa. Urefu wa tabaka hilo unategemea udongo wenyewe, hautegemei urefu wa chombo. Kwenye ndoo, sentimita tatu za tope chini si kitu. Kwenye kitundu cha trei chenye kina cha sentimita tano, sentimita tatu hizo ni zaidi ya nusu ya makazi ya mche. Kuweka kokoto chini hakusaidii. Kunalipandisha tabaka lile juu tu, kwa sababu maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye vinafasi vidogo vya udongo kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto hadi udongo wa juu yake ushibe. Kinachosaidia ni mchanganyiko wenye chembe kubwa kiasi, na mmwagiliaji mwenye subira.

Kwa hiyo achana na ratiba ya jioni. Inyanyue trei kwa mikono miwili mara tu baada ya kumwagilia na uukumbuke uzito wake. Inyanyue tena kila asubuhi. Ikiwa nyepesi waziwazi, na sentimita moja ya juu ikiwa imekauka, mwagilia asubuhi hiyo kwa maji yenye joto la chumba hadi yatokeze chini, kisha yamwage yaliyobaki kwenye sahani. Ukipenda, yaache maji yapande kutoka chini kwa dakika 20 hadi 30, uondoe yaliyozidi. Wiki ya kwanza baada ya kubadili utaona kama unaitesa miche kwa kiu. Vumilia. Mizizi hukua kuufuata unyevu, na huufuata vizuri pale tu udongo unapopata nafasi ya kuvuta hewa katikati ya mwagilio mmoja na mwingine.

Sasa taa, na hapa nitakuomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu maneno ya kwenye boksi yamewapotosha wengi. "Sawa na wati 100" maana yake inatoa mwanga kama balbu ya zamani ya wati 100, yaani lumeni 1,500 hivi (lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa). Umeme inaotumia kweli ni wati 13 hadi 15. Balbu hutawanya mwanga wake chumba kizima. Ikiwa sentimita 60 juu ya trei, bila kiakisi, hata ukikadiria kwa ukarimu haifikishi laksi 1,000 kwenye majani (laksi hupima mwanga unaofika pale ulipoangukia). Nje, jua la mchana likiwa wazi, hufikia laksi 100,000. Jicho la binadamu hujirekebisha, hivyo chumba kinaonekana chenye mwanga mzuri tu. Jani halina uwezo huo.

Kwa LED nyeupe, laksi 70 hivi ni sawa na maikromoli moja ya mwanga unaotumiwa na mmea, kwa mita ya mraba kwa sekunde. Moli huhesabu chembe za mwanga, na maikromoli milioni moja ni moli moja. Taa yako basi inatoa kama maikromoli 14. Kwa saa 12 hiyo ni takriban nusu moli kwa siku, au zaidi kidogo. Mche wa nyanya au hoho unataka moli 10 hadi 15 kwa siku. Dirisha linaongeza, na ndiyo maana miche yako imeliegemea: huko ndiko chakula chake kinakotoka. Lakini mwanga wa dirishani hupungua haraka kila unapojisogeza ndani ya chumba, na hutoka upande mmoja.

Kinachofaa ni maikromoli 200 hivi kwa saa 16, yaani karibu laksi 14,000, ambayo inakupa moli 11 na nusu kwa siku. Kwa trei ya kawaida ya miche, yenye sentimita 28 kwa 54, utahitaji taa za LED nyeupe zinazotumia wati 30 hadi 40 halisi. Soma wati zinazotumika, siyo "sawa na". Si lazima ziwe taa za rangi ya zambarau wala zenye maandishi ya kilimo. Mirija ya kawaida ya LED nyeupe inakuza miche vizuri kabisa ikiwekwa sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, na kupandishwa kadiri miche inavyopanda. Paneli zenye nguvu zilizotengenezwa kwa ajili ya mimea ni jambo jingine. Hizo zianze sentimita 40 hadi 60, maana mwanga ukizidi ghafla majani hukunja kingo zake juu, hupauka, na mche hubaki mfupi uliobana. Programu ya simu ya kupima laksi haina usahihi wa maabara, lakini inatosha kukuonyesha kama uko kwenye 900 au kwenye 14,000.

Usiwashe saa 24. Nyanya ni miongoni mwa mimea isiyovumilia mwanga usiokatika: majani yake hupata mabaka ya njano na ukuaji hurudi nyuma. Swichi yenye saa yake ndani itakuondolea kazi ya kukumbuka.

Mabadiliko haya ya taa yafanye kwa hatua. Jani lililokua gizani ni laini na limejipanga kwa giza. Anza na taa mpya ikiwa juu kidogo kuliko umbali huo kwa siku tatu au nne, kisha uishushe.

Nimefika kwenye udongo na mbolea, mahali ulipotaka nianzie. Kijiko cha chai cha NPK ni gramu 5 hivi. Kwenye 20-20-20, asilimia 20 ya hiyo ni naitrojeni, yaani gramu moja, au miligramu 1,000, ndani ya lita ya maji. Mche wenye majani halisi mawili au matatu unahitaji miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Umeipa mara kumi hadi ishirini ya mahitaji yake, mara mbili, juu ya udongo ambao nusu yake tayari ni samadi. Chumvi zikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii hata kama yapo, na ncha za mizizi huungua. Kagua uso wa udongo: ukiona ukoko mweupe au wa njano, ndizo hizo chumvi. Kingo za majani zilizokauka ni ushahidi mwingine.

Aina ya naitrojeni nayo ina neno. Kwenye mbolea nyingi za 20-20-20 sehemu kubwa ya naitrojeni huja kama urea na amonia. Kwenye udongo wenye joto na hewa, bakteria huigeuza kuwa naitreti ambayo miche huipokea kwa usalama. Kwenye udongo baridi uliolowa bakteria hao huzembea, amonia hujikusanya, na amonia ikijikusanya ni sumu kwa mizizi michanga. Unaona jinsi ubaridi, maji na mbolea yalivyoshikana mikono. Kila kimoja peke yake mche ungekivumilia.

Samadi nayo naomba uichunguze. Iliyooza vizuri, nyeusi, isiyo na harufu kali, ni kitu kizuri bustanini, lakini kwa trei ya miche nusu nzima ni nyingi mno. Ambayo haijaiva hutoa amonia na ina chumvi nyingi. Kama ndani yake kuna maranda au majani makavu mengi, vijidudu vinavyoyaozesha huichukua naitrojeni kwa ajili yao na kuuacha mche umepauka. Udongo wa bustani, kwa upande wake, unaofanya kazi vizuri shambani hujibana ukiwa ndani ya kitundu kidogo, kwa kuwa huko hakuna minyoo wala mizizi mikubwa ya kuufungua.

Kuna tatizo moja zaidi la samadi ambalo ni zito, na ningependa ulijue hata kama halikukuta. Zipo dawa za magugu, kama aminopyralid na clopyralid, zinazopulizwa kwenye malisho. Mnyama hula nyasi, dawa hupita tumboni bila kuharibika, hutoka na samadi, na hudumu humo hata baada ya kuozeshwa. Nyanya huathirika kwa kiasi kidogo sana. Majani mapya hujikunja na kuwa membamba yenye mikunjo mfano wa jani changa la kangaga lililojiviringa, na mche hudumaa. Hukuniambia kama majani yako yamejikunja, hivyo sidhani ndilo tatizo lako. Ila kabla ya kutumia samadi hiyo tena, panda maharage machache ndani yake na mengine kwenye udongo usio na samadi. Yakifika wiki mbili au tatu linganisha majani yao. Maharage ni mepesi kuonyesha dawa hiyo, na yatakuambia ukweli kabla hujapoteza msimu.

Cha kufanya na chumvi zilizopo: ukishainua trei na udongo ukawa umepata joto na kukauka kiasi, pitisha maji safi ya uvuguvugu mara moja tu, ujazo mara mbili ya ule wa udongo, yatiririke yote nje. Kisha acha pakauke tena. Usilifanye jambo hili leo wakati udongo ungali tope baridi, utaumaliza mche. Baada ya hapo maji matupu, hadi uone jani jipya lenye rangi nzuri. Jani hilo likitokea, rudi na mbolea kwa kipimo cha nusu gramu kwa lita, mara moja kwa wiki, na ukipata yenye naitreti zaidi ni bora. Nusu gramu haipimwi kwa kijiko. Yeyusha gramu 5 kwenye lita moja uiweke kama akiba, kisha chota mililita 100 za akiba hiyo uzijazie maji hadi zifike lita moja.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa siyaoni kama kiini cha shida yako. Vijinzi vyeusi vidogo vikiruka unapogusa trei, mabuu yake yamo udongoni na yanakula vinywele vya mizizi. Ukiacha uso ukauke, mengi hufa. Maji magumu yenye chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikipanda uchachu hupungua), na dalili yake ni jani jipya la juu kuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu madini ya chuma hayapatikani. Lenga pH 6 hadi 6.8 kwenye udongo. Maji yaliyolainishwa kwa mashine inayotumia chumvi usiyape miche kabisa. Feni ndogo inayotikisa majani kidogo hulifanya shina liwe nene na hukausha uso wa udongo, jambo ambalo kinyausi hakilipendi. Na kama chumba kinapashwa joto kwa hita ya gesi au ya mafuta isiyowaka vizuri, moshi wake una gesi iitwayo ethilini. Nyanya huihisi hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni: vikonyo vya majani huinamia chini ingawa mche haujakosa maji. Ukiona hivyo zima hita na fungua dirisha, kwa usalama wako pia.

Mpangilio ninaokushauri ni huu. Leo inua trei, sogeza taa uliyo nayo iwe karibu, na acha kumwagilia. Ndani ya siku mbili tatu tafuta taa ya kutosha. Udongo ukipata joto, osha chumvi. Kisha subiri siku 10 bila kuongeza kitu kingine chochote, hata kama jirani au rafiki atakushauri. Majani ya zamani usiyatazame kama kipimo, kwani yaliyokwisha kuungua au kupauka hayarudi yalivyokuwa, na zambarau huweza kubaki. Kipimo ni jani jipya la katikati. Likitoka kubwa kuliko lililotangulia, la kijani kilichokolea, na umbali kati yake na jani la chini ukawa mfupi, mche umeshika njia.

Kuhusu kusia upya, rudi kwenye ule mche ulioutoa. Shina likiwa limenyongeka na kuwa la kahawia pale linapogusana na udongo, hicho ni kinyausi. Mche huo na wenzake wenye alama hiyo utupe pamoja na udongo wao, na trei uisafishe kabla ya kuitumia tena. Mizizi ikiwa ya kahawia nusu na myeupe nusu, usitupe. Hamishia miche hiyo kwenye vikopo vidogo vya sentimita 7 au 8 vyenye mchanganyiko mwepesi, kwa mfano kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu mbili, perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) sehemu moja na mboji iliyoiva sehemu moja. Usirukie chungu kikubwa, maana udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hubaki umelowa. Nyanya zizamishe hadi karibu na majani ya mbegu, kwa kuwa shina lake hutoa mizizi mipya na ule urefu mwembamba utageuka faida. Hoho zipande kwa kina kile kile zilichokuwa nacho.

Nikiwa mahali pako, nyanya ningesia nyingine chache leo hii kando ya hizo, juu ya rafu, chini ya taa mpya. Zinakua haraka, na zikiota kwenye joto na mwanga mzuri zinaweza kuzifikia za zamani ndani ya wiki chache. Ukizipata zote mbili hujapoteza kitu. Hoho nisingezing'oa. Wiki nne za hoho ni nyingi kuzitupa, na kama mizizi yake ni myeupe, zina muda wa kutosha kurudi.